Krismasi Ushago: Unapeleka Sukari, Mahindi Yanauzwa kwa Hasara

Nairobi hupumua mara moja kwa mwaka. Tembea Umoja, Kayole au Pipeline kuanzia tarehe 23 Desemba na utasikia tofauti hata kabla hujaiona. Jirani wa juu anayeburuta viti usiku hayupo. Mama wa chapati amefunga kibanda. Maji, ambayo mwaka mzima hupanda ghorofani yakijisikia, sasa yanatoka kwa mfereji hadi unaogopa bomba limepasuka. Watu wameenda nyumbani.

Hilo neno "nyumbani" lina mambo yake. Muulize kijana wa Nairobi anaishi wapi, atakutajia mtaa. Muulize nyumbani ni wapi, atakutajia Bumula, Mwala au Othaya, mahali ambapo pengine hulala siku 10 kwa mwaka mzima. Mjini una nyumba, ama keja, ama bedsita yenye choo ndani kama umebarikiwa. Nyumbani ni kwingine kabisa.

Hii haikuanza na sisi. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli, na kufikia 1901 reli ilikuwa imefika Kisumu. Serikali ya kikoloni ikaweka kodi ya kibanda. Kodi ilitaka pesa, na pesa zilikuwa mjini na kwenye mashamba ya wazungu. Kuanzia 1920 mwanamume Mwafrika alitembea na kipande kimemning'inia shingoni, kikionyesha ameajiriwa na nani. Mji ulitaka mikono yake tu. Vyumba vingi alivyopangiwa vilikuwa vya mwanamume asiye na familia, na mke, watoto, shamba na makaburi vikabaki kule. Ndiyo maana hata leo, mtu aliyezaliwa mjini, aliyesoma mjini, ambaye lugha ya mama anaielewa lakini akijibu watu wanacheka, bado Desemba ikifika anauliza bei ya basi.

Kwetu ni upande wa Khayega, Kaunti ya Kakamega. Mwaka huu nilienda, na nilirudi na daftari lenye hesabu. Wacha nikuonyeshe, kwa sababu nadhani hesabu yako haiko mbali na yangu.

Nauli kwanza

Mwezi wa Oktoba nilienda mazishi kwa Sh1,500. Tarehe 22 Desemba, basi la kampuni ileile, kiti kilekile cha nyuma kinachokurusha kila tuta, nauli ilikuwa Sh3,000. Makanga hakuona haya. "Bosi, kesho ni thao tatu na mia tano, wewe amua." Nikaamua.

Ukiwauliza wenye magari watakwambia basi linaenda limejaa na kurudi Nairobi tupu, kwa hivyo wewe unalipia safari mbili. Kuna ukweli hapo. Wiki hiyohiyo, mtu anayetoka Kakamega kuja Nairobi husafiri kwa bei nafuu na kujinyoosha viti viwili. Januari mambo yanageuka, wanaorudi mjini ndio wanaokamuliwa. Ukweli mwingine ni kwamba wanajua utalipa tu. Hakuna mtu anayempigia mamake simu kumwambia nitakuja Krismasi nauli ikishuka.

Wa Mombasa angalau wana treni ya SGR. Tiketi ya daraja la kawaida imekuwa Sh1,500 tangu Januari 2024, ila uinunue mapema, maana ya wiki ya Krismasi huisha watu wakiwa bado wanapanga. Sisi wa magharibi kimbilio letu ni Country Bus pale Machakos, mkoba mgongoni, mkono mmoja kwenye simu na mwingine kwenye mfuko wa sukari.

Barabara nayo siwezi kuipita kimya. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na watu 36 wakafa. Mamlaka ya usafiri, NTSA, ikapiga marufuku safari za usiku za mabasi ya masafa marefu. Mabasi ya usiku yalirudi baadaye. Tangu siku hiyo mamangu ana sheria moja tu: safiri mchana, na ukifika Nakuru piga simu. Nikifika Nakuru ninapiga, hata kama nimebakisha shilingi 4 za salio. Kisha tunashuka Kericho, Ahero, Kisumu, tunapanda Kiboswa, Chavakali, na kufikia hapo basi limeanza kunuka nyumbani: ndizi, jasho, na kuku wa mtu ambaye sijui kwa nini anamtoa Nairobi kumpeleka Kakamega.

"Sasa wewe uko wapi siku hizi?"

Nauli si sababu kubwa inayofanya watu wabaki mjini. Sababu kubwa ni hilo swali hapo juu.

Nina rafiki Kayole, fundi wa mjengo. Hii ilikuwa Desemba yake ya 3 bila kwenda kwao. Kila mwaka anatuma Sh2,000 kwa M-Pesa na ujumbe kwamba kazi haijaruhusu. Kazi gani? Mijengo mingi hufungwa kabla ya Krismasi na kufunguliwa baada ya mwaka mpya. Yeye hukaa kwa keja akitazama mpira na kula chipsi. Nilipomuuliza, aliniambia, "Maze, mtu hawezi kwenda mikono mitupu miaka 6 mfululizo. Mwaka wa kwanza wanakuhurumia. Wa pili wanakuombea. Wa tatu wanaanza kukushauri."

Mwingine alifanya kinyume. Alikodi gari kwa Sh4,000 kwa siku, siku 6, ili tu aingie bomani akipiga honi. Hiyo ni Sh24,000 kabla ya mafuta. Kijijini walimwita mheshimiwa na akanunulia wazee soda. Tarehe 9 Januari niliiona runinga yake kwenye kikundi cha WhatsApp cha kuuza vitu, "bei ya kuelewana." Sikumcheka. Mshahara wa Desemba mara nyingi huja mapema, kama tarehe 20, na unaofuata ni mwisho wa Januari. Hizo ni siku 40 na ushei. Jina Njaanuari halikutoka hewani.

Mimi mwenyewe niko katikati ya hao wawili. Niliacha chuo mwaka wa 3, karo ilipokwama kwenye deni la Sh41,000 na nikafungiwa nje ya chumba cha mtihani. Siku hizi naandikia maduka ya mtandaoni maelezo ya bidhaa, na naandika hizi zangu. Mwezi mzuri naingiza Sh18,000. Kodi ya nyumba ni Sh6,500. Ushago hakuna anayeelewa hiyo kazi. Mjomba wangu mmoja anaamini nafanya kazi Jumia. Nimemwacha.

Swali la chuo nyumbani huzunguka tu. Haliulizwi moja kwa moja. Shangazi atasema, "Mtoto wa jirani amemaliza, tulialikwa sherehe." Kukhu, nyanya yangu, ambaye masikio yake hayasikii tena vizuri, atauliza kama nimeshakuwa mwalimu. Baba hasemi kitu. Anatazama ng'ombe.

Kuna wasiokuwa na hii presha ya Desemba kabisa, na wakati mwingine nawaonea wivu. Rafiki yangu wa Likoni husuka nywele. Mkutano wa familia yao ni Idd, ambayo kila mwaka huja mapema zaidi kwa kama siku 11, kwa hivyo haiwezi kukuvizia mwezi uleule na karo za Januari miaka yote. Kwake yeye Desemba ni kazi, watu wa bara wanateremka na pesa wakitaka rasta za kwenda nazo ufuoni. "Nyinyi njooni tu," huniambia. "Mkirudi kwenu hamna kitu, sisi ndio twalipa kodi."

Stoo ya Mama

Nilifika na mfuko wa manunuzi wa Sh3,100: sukari kilo 4, unga wa ngano pakiti 4, mafuta ya kupikia, majani ya chai, mchele, sabuni ya kipande. Tuliambiwa tangu utotoni, mtu haendi kwao mkono mtupu. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaniombea, akaenda kuuweka chumbani. Nikamfuata nikabebe kiti. Pale chini ya kitanda kulikuwa na pakiti 6 za unga wa ngano, sukari, mafuta, na majani ya chai ya kutosha hadi Pasaka.

Chama. Kumbe. Wako akina mama 15, kila mmoja anatoa Sh50 kwa wiki kuanzia Januari. Kwa wiki 48 hiyo ni Sh2,400 kwa kila mtu, Sh36,000 kwa kikundi. Mapema Desemba wanaenda kwa duka la jumla mjini Kakamega, wananunua kwa marobota na kugawana. Unga ambao mimi nilinunua rejareja Nairobi, nikaubeba kilomita mia tatu na kitu juu ya mapaja, yeye alikuwa ameupata kwa bei ya chini na ukaletwa hadi mlangoni.

Baba naye yuko kwa chama cha ng'ombe. Wanaume 20, kila mmoja Sh2,800 kwa mwaka. Wakanunua fahali wa Sh56,000, wakamchinja tarehe 24 asubuhi chini ya mti wa mwembe, na kila mtu akaenda na kilo 7 na vipande vya matumbo. Hakuna aliyetuma ujumbe wa "harambee ya nyama" kwa kikundi cha familia. Sisi wa mjini ndio tuliokuwa tunatumiana ujumbe huo.

Sikukuu yenyewe nitaipita haraka kwa sababu unaijua. Chapati zilisukumwa kuanzia alfajiri. Kuku akaliwa na kila mtu akapata kipande chake kulingana na umri, na firigisi ikaenda kwa Baba bila mjadala. Watoto walivaa nguo zenye lebo bado shingoni. Tarehe 26 vijana walienda kuona mafahali wakipigana, na ngoma za isukuti zikasikika hadi jioni. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka wa 2014, orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa haraka visipotee. Ukisimama karibu na wapigaji wale watatu, huoni dalili yoyote ya kupotea. Kukhu alicheza akiwa ameketi.

Meza ya tarehe 1

Usiku wa tarehe 31 tulikuwa kesha kanisani hadi saa 6 usiku. Mwaka mpya ukaingia kwa vigelegele, nikarudi nyumbani gizani na dadangu mdogo tukimulika kwa simu. Yeye ndiye aliyeniambia njiani kwamba Baba ameshazungumza na dalali wa mahindi.

Dada anaingia kidato cha 3 katika shule ya kitaifa ya bweni. Karo rasmi huko ni Sh53,554 kwa mwaka, na nusu yake hulipwa muhula wa kwanza. Hiyo ni Sh26,777 inayotakiwa Januari, wiki chache baada ya kila mtu kumaliza pesa. Baba alikuwa na Sh17,000. Stoo ilikuwa na magunia 4 ya mahindi. Dalali alikuwa ametoa Sh3,500 kwa gunia, na Baba alitaka kuuza mawili.

Asubuhi ya mwaka mpya, chai ikiwa mezani, nilimuuliza Mama alinunua mahindi kwa bei gani Mei iliyopita. Hakufikiri hata. "Gorogoro Sh130." Gunia la kilo 90 linatoa gorogoro kama 40. Hiyo ni Sh5,200.

Hapo ndipo nikatoa daftari. Januari mahindi huwa bei ya chini kwa sababu wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu wametoka kuvuna na soko limejaa. Kufikia Mei na Juni stoo nyingi ni tupu na bei imepanda. Kwa hivyo mtu mwenye shamba dogo anauza Januari kwa Sh3,500 kwa sababu shule inafunguliwa, halafu Mei ananunua mahindi yaleyale, gorogoro moja moja, kwa Sh5,200. Kwa magunia mawili anapoteza Sh3,400. Anafanya hivyo kila mwaka. Si kwamba Baba hajui. Baba anajua kuliko mimi. Ila shule haipokei mahindi.

(Kuna shule zingine hupokea, kwa kweli. Ya dada haipokei.)

Sasa tazama upande wangu wa daftari. Nauli ya kwenda Sh3,000. Ya kurudi, tarehe 2 Januari, Sh2,500. Manunuzi Sh3,100. Bodaboda, sadaka, na "chai" ya wajomba walioniegemea sokoni, Sh1,900. Jumla Sh10,500. Ukitoa bei ya kawaida ya nauli, nyongeza ya Desemba peke yake ilikuwa Sh2,500. Weka juu yake Sh3,100 za vitu vilivyokuwa tayari chini ya kitanda. Ni Sh5,600. Hilo ni gunia zima na nusu ambalo lingebaki stoo.

Na hesabu hii si ya familia moja. Kila basi lililotoka Country Bus wiki ile lilikuwa na watu kama 50, kila mmoja na mfuko wake wa sukari, wakienda kwa wazazi waliokuwa na sukari. Pesa zetu zinafika Desemba, wakati nyumbani kumeshapangwa. Januari, wakati dalali anapita na mizani yake, sisi tumeshaingia Fuliza na hatushiki simu.

Nilimwambia Baba kwamba malipo yangu ya kazi ya Desemba huingia tarehe 5, na ningetuma Sh3,000 siku hiyo na Sh2,000 tarehe 15. Shangazi, ambaye kwa siku 9 alikuwa amenikumbusha kuhusu watoto wa watu waliomaliza chuo, akasema ataweka Sh3,000. Jumla Sh25,000. Itabaki Sh1,777.

Baba alinyamaza muda. Halafu akauliza, "Wewe Nairobi unakula nini?"

Hajawahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia. Sh18,000 mwezi ukiwa mzuri, Sh11,000 ukiwa mbaya. Kodi, umeme wa tokeni, bando, nauli, chakula. Nikamwambia pia lile deni la chuo, Sh41,000, namba yenyewe, ambayo kwa miaka miwili tulikuwa tumeizunguka kama shimo la choo. Mama akashika kidevu. Dada akaangalia pembeni.

"Ukipata hiyo arobaini na moja," Baba akasema, "utaipeleka wapi kwanza? Chuo au huyu?"

"Huyu."

"Haya. Tuanze na mtoto. Yako tutaiongea akimaliza."

Akaongeza kwamba kuna chuo cha ufundi si mbali na pale, na fundi wa umeme hakosi kazi. Nikasema nitafikiria, na kweli ninafikiria, ingawa mimi na waya hatujawahi kupendana. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tunaongea kuhusu masomo yangu na kila mtu akajua tunaongea kuhusu nini. Kikundi cha WhatsApp cha familia kina watu 34 na hakijawahi kutoa kitu kama hicho. Kule ni maombi, picha za keki na "asante kwa mchango."

Hii ndiyo sababu mimi siungi mkono wanaosema vijana waache kwenda ushago, watume tu pesa. Nimesikia hoja hiyo sana mwaka huu, na kwa nauli ya Sh3,000 ina mvuto. Rafiki yangu wa Kayole ametuma Sh2,000 kila Krismasi na hajui kama kwao wana magunia mangapi, wanauza lini, nani anadaiwa shuleni. Hawezi kujua. Vitu hivyo havisemwi kwa simu. Vinasemwa siku ya 9, mtu akiwa ameshachoka kuwa mgeni.

Kinachoweza kubadilika ni tarehe. Kama kazi yako inaruhusu, na wengi wetu tunaofanya vibarua vya mtandaoni inaruhusu, nenda wikendi ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, kabla nauli haijalipuka. Au acha Krismasi ipite, uende katikati ya Januari wakati mabasi yanaondoka Nairobi nusu tupu na makanga anakubembeleza. Mama yako atanuna kidogo kuhusu Krismasi. Wangu alinuna nilipomtajia tu wazo lenyewe, akasema Krismasi bila kifungua mimba ni kama chapati bila mafuta. Sijui nitamshinda vipi mwaka ujao. Na manunuzi, uliza kwanza. Uliza kama wako kwa chama, na kama wako, beba kitu ambacho chama hakinunui. Miwani ya kusomea ya Baba ilikuwa imefungwa kwa uzi. Kukhu alihitaji betri za redio.

Siku ya kurudi Mama alitaka nibebe nusu gunia. Tulibishana pale uani, mimi nikimwambia yale mahindi ndiyo tumetoka kuyaokoa, yeye akiniambia sijui kitu kuhusu mahindi. Tukakubaliana debe moja, maharagwe gorogoro 2, na mkungu wa ndizi. Makanga alinitoza Sh200 za mzigo. Debe lile nililisaga kwa kisiagi hapa mtaani na nikapata unga wa kujaza pakiti 9 za kilo mbili. Majirani wengi kwenye ploti yetu walirudi na mizigo kama hiyo: viazi vitamu, maparachichi, nduma, njugu. Wiki mbili za kwanza za Januari, duka la hapa chini liliuza unga kidogo sana, mwenyewe alinilalamikia. Tunapenda kusema tunasaidia nyumbani. Ingia jikoni mwa bedsita yoyote tarehe 14 Januari na utazame sufuria imejazwa na nani.

Sh3,000 niliituma tarehe 5 kama nilivyosema. Ile Sh2,000 ilichelewa siku 3 kwa sababu mteja mmoja alijificha, lakini ilienda. Dada aliripoti shule na sanduku, godoro na pakiti mbili za ule unga wa ngano zikiwa zimegeuzwa maandazi. Magunia manne yako stoo, yamewekewa dawa ya dumuzi. Baba amesema la kwanza litauzwa mwezi wa Mei, na ananitaka nimpigie kila Jumatatu nimwambie bei ya mahindi ya Nairobi, ili dalali akija asimletee hadithi.

Shuleni bado tunadaiwa Sh1,777.